Sigara Sebuleni, Kifua cha Mtoto

Julai ikifika, nyumba za Ainabkoi hufungwa mapema. Baridi ya huku haina mchezo: dirisha linazibwa, watoto wanasogea karibu na wakubwa. Baba akiwasha sigara hapo, hata akiketi dirishani, moshi unabaki chumbani saa kadhaa baada ya sigara kuzimwa.

Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Mwenye pumu hubanwa kifua mara kwa mara. Wengine hupata nimonia, mkamba, au maumivu ya masikio ambayo wazazi wachache huyahusisha na sigara. Kwa mtoto mchanga, hatari ya kufariki ghafla usingizini huongezeka.

Kuna wanaouliza: si hata jikoni tunapikia kuni? Ni kweli, na moshi wa kuni nao huumiza. Lakini haufuti ule wa sigara. Mtoto anavuta yote miwili.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma. Kwa hiyo abiria wa matatu ya kwenda Eldoret ana kinga ambayo mtoto wa sebuleni hana. Polisi hataingia kwako kuzima sigara. Hilo ni la wenye nyumba kukubaliana.

Anayevuta atoke nje, mbali na mlango, si kusimama kizingitini. Mgeni naye, hata akiwa mzee wa heshima, mtolee kiti uani na chai umpelekee huko huko. Aliyevuta akirudi ndani, avue koti na kunawa mikono kabla ya kumbeba mtoto.

Mtoto akikohoa, subiri atulie, pandisha fulana, hesabu pumzi zake dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Vilevile kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya. Usingoje asubuhi, mpeleke hospitali iliyo karibu, kama ile ya Burnt Forest, na umwambie daktari bila haya kwamba nyumbani kuna mvutaji.

Anayetaka kuacha sigara apige 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haina malipo.