DVD ya Kutoa na DVD ya Kujumlisha

Mwaka jana nilitaka kuhifadhi ngano za nyanya kwenye DVD. Nikanunua diski za DVD+R, kumbe mashine yetu kuukuu yachoma DVD-R tu! Kabla sijapata nyingine, simu iliyonasa sauti yake ikaibwa. Niliumia, jamani.

Hebu tujifunze. DVD-R ilitokea mwaka wa 1997. Kampuni shindani zikaleta DVD+R mwaka wa 2002. Zote hubeba gigabaiti 4.7, ila huandikwa kwa njia tofauti. Mwaka uo huo wa 2002, Sony ilitoa mashine ya kuchoma aina zote mbili. Basi usibahatishe mshindi. Tafuta mashine yenye alama ya kutoa na ya kujumlisha pamoja.

Kuuliza si ujinga. Nyanya amekubali kusimulia tena.