Jiwe Lipitalo Motoni

Maji yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukipoa huwa maji yale yale. Lakini jiwe la matumbawe likichomwa sana halibaki jiwe. Wachoma chokaa wa pwani yetu walipanga magogo, wakaweka mawe juu yake, wakayatia moto. Rundo hilo huitwa tanuu. Joto la kadiri ya digrii 900 huligawa jiwe kuwa vitu viwili: hewa ukaa, ipaayo isionekane, na chokaa, ibakiayo. Jiwe safi la kilo 100 huacha chokaa kilo 56 tu. Kazi hiyo hufanywa pia huko Wazo, Kinondoni, katika kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1966.

Jihadharini! Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka pasipo moto, nayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Ikiisha kuzimwa, huchanganywa na mchanga wa kujengea. Ukutani huvuta tena hewa ukaa polepole, ikawa jiwe. Ndiyo maana kuta za kale za Kunduchi zingali zimesimama.

Swali: Zile kilo 44 zilikwenda wapi?