Handycam ya kabatini inaweza kukuuzia: programu na fomati za kuanzia

Meseji nyingi kutoka Mbagala, Tandika na hata Tegeta zinauliza kitu kimoja: "Nyumbani kuna Handycam ya zamani, naweza kurekodia bidhaa zangu?" Ndiyo, unaweza. Usikimbilie kuiuza bei ya kutupa. Lenzi yake inavuta karibu bila kuharibu picha, hivyo mteja ataona mpaka uzi wa mshono wa kiatu. Kazi ipo pale unapohamishia video kwenye simu halafu haifunguki.

Kwanza jua kamera inaandika faili gani. Zile za memori kadi za Sony na Panasonic, nyingi zinatumia AVCHD, mfumo ulioanza 2006, na mafaili yake yanaishia na .MTS. Za DVD ndogo zinatoa .VOB. Za kanda ya MiniDV ni mzigo: saa moja ya kanda unaisubiri saa moja kuingia kwenye kompyuta, inakula karibu GB 13, na inataka tundu la FireWire ambalo kompyuta nyingi za sasa hazina. Kwa video za bidhaa, mimi ningeachana na MiniDV kabisa.

Ukinakili kadi usichukue faili mojamoja, beba folda nzima ya AVCHD, maana kamera hukata video ndefu vipande vipande. Na usifute kadi mpaka uifungue video kwenye kompyuta na kuitazama hadi mwisho. Kwenye kadi hiyohiyo huenda kuna send-off ya dada yako, na hiyo hairekodiwi mara ya pili.

Sasa programu. Kama una kompyuta ya kawaida, chukua Shotcut au OpenShot. Zote ni za bure na haziweki alama yao juu ya video yako. OpenShot ni rahisi zaidi kwa anayeanza. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure na ni nzuri sana, ila kwenye kompyuta ya RAM GB 4 utakesha ukiangalia imeganda. Windows Movie Maker, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, kwa hiyo ukiikuta kwenye tovuti usiyoijua, iache. Hali kadhalika programu za kukrakiwa unazowekewa kwenye flashi. Kompyuta hiyo ndiyo ina namba za wateja wako na hesabu za Lipa Namba, ikiingia virusi umeumia kote.

Huna kompyuta? Omba hata steshenari ya jirani wakugeuzie .MTS kuwa MP4 kwa HandBrake, nayo ya bure, kisha umalizie na CapCut kwenye simu.

Mipangilio ni hii: MP4, picha H.264, sauti AAC, fremu 25 kama kamera yetu nyingi za huku zinavyorekodi. Kuna kitu wengi wanakiruka. Kamera hizi mara nyingi zinarekodi 1080i, yaani kila picha imegawanywa mafungu mawili ya mistari inayopishana, na ukitikisa kitenge kingo zinatoka na meno kama chanuo. Nenda sehemu ya Filters ya HandBrake, washa Deinterlace, meno yanaisha.

Tuje kwenye bando. Video ya AVCHD ya megabiti 17 kwa sekunde ina MB 127 hivi kwa dakika moja. Ukiitoa kwa megabiti 2, dakika hiyohiyo inakuwa MB 15. Kwenye simu tofauti ni ndogo, kwenye bando ni kubwa mno.

Handycam inarekodi kwa upana na TikTok inataka wima. Ukikata 1920 kwa 1080 iwe wima unabaki na upana wa kama 608 tu. Basi weka bidhaa katikati, au laza kamera ubavu kwenye stendi kisha uizungushe wakati wa kuediti.

Rangi usiguse sana. Filta ikigeuza kitenge cha maruni kuwa chekundu, mteja wa Bunju atakirudisha, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi Temeke utailipa wewe. Rekodi karibu na dirisha asubuhi, weka karatasi nyeupe pembeni ya bidhaa, na kama karatasi inaonekana ya njano, rekebisha mpaka iwe nyeupe. Hapo acha.