KUIHARAKISHA TARAKILISHI YA LINUX: MWONGOZO KWA MTUMIZI MGENI

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tarakilishi nyingi kuukuu zisizotimiza masharti ya Windows 11 ziliachwa njia panda: zitupwe, ziendelee kutumiwa bila kinga, au zihamishiwe mfumo mwingine. Kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo ndani ya kipakatalishi kilichokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu, suala hili si la kinadharia. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka wa 1991, hupatikana bila malipo na imekuwa kimbilio la wengi. Hata hivyo, mgeni aghalabu huingia akiamini kuwa kila Linux ni nyepesi, kisha akashangaa kuona madirisha yakijikokota kama kobe. Makala haya yanashikilia kuwa dawa ya uzito huo haipatikani kwa kubahatisha amri zilizookotwa huku na kule, bali kwa kutambua kwanza ni kiungo kipi cha tarakilishi kinacholemewa.

Ufafanuzi wa dhana

Linux kwa hakika ni jina la kiini tu. Kiini hicho hukusanywa pamoja na programu nyingine, na mkusanyo huo ndio unaojulikana kwa majina kama Debian, Fedora na Ubuntu. Jina la mwisho litamvutia mwanaisimu, kwani ni neno la Kibantu lenye mnasaba na "utu" wa Kiswahili. Juu ya mkusanyo huo hukaa eneo-kazi, yaani madirisha, menyu na picha anazoziona mtumizi. Maeneo-kazi ni mengi: GNOME na KDE Plasma yamesheheni mapambo na huduma, ilhali Xfce na LXQt yameundwa kwa nia ya kutumia rasilimali chache.

Ili kuelewa kiini cha uzito, tumfikirie mwandishi aliyeketi mezani. Mwandishi ni kichakataji, meza ni kumbukumbu, na kabati lililo chumba cha pili ni diski. Meza ikijaa, mwandishi hulazimika kupeleka baadhi ya karatasi kabatini na kuzirudisha kila anapozihitaji. Sehemu ya diski inayopokea karatasi hizo tutaiita eneo la akiba. Kwenye skrini huandikwa "Swap". Mwandishi anaweza kuwa hodari sana, lakini safari hizo ndizo zinazommaliza.

Hatua ya kwanza: kupima

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

free -h

Hapa ndipo wageni wengi hupotoka kwa sababu ya kisemantiki. Wanaona safu ya "free" ikionyesha kiasi kidogo mno, wakadhani kumbukumbu imekwisha. Safu hiyo huonyesha kumbukumbu isiyofanya kazi yoyote. Linux kwa makusudi hutumia nafasi iliyobaki kuhifadhi nakala za faili zilizosomwa karibuni, na huiachilia mara programu inapoihitaji. Safu ya kuzingatiwa ni "available". Tarakilishi ya GB 4 inayoonyesha MB 200 chini ya "free" na GB 1.5 chini ya "available" haina njaa ya kumbukumbu. Lakini "available" ikiwa imekaribia sifuri na matumizi ya "Swap" yanazidi kupanda, meza imejaa.

Pili, andika "top". Orodha ya programu zinazoendelea itatokea; bonyeza herufi kubwa M ili uipange kwa matumizi ya kumbukumbu, P kwa matumizi ya kichakataji, na q ili utoke. Karibu na kichwa cha ukurasa pana tarakimu iliyoandikwa "wa": hiyo ni asilimia ya muda ambao kichakataji kimekaa bure kikiingojea diski. Tatu, andika "df -h" uone kama diski imejaa, na "lsblk -d -o NAME,ROTA" uone aina yake. Tarakimu 1 huashiria diski ya sahani inayozunguka, na 0 diski isiyozunguka, kwa mfano SSD.

Hatua ya pili: tiba kwa kadiri ya ugonjwa

(a) Kumbukumbu ikilemewa: Anza na kivinjari, maana kurasa nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja ndizo walaji wakubwa. Ikiwa haitoshi, badilisha eneo-kazi. Katika Ubuntu au Debian, amri "sudo apt install xfce4" itasakinisha Xfce, nawe utalichagua unapoingia. Faili zako hazitaguswa. Pia ipo mbinu iitwayo zram, ambayo huibana data ndani ya kumbukumbu yenyewe badala ya kuipeleka diskini. Fedora huitumia kama kawaida tangu toleo la 33 la mwaka wa 2020.

(b) Diski ikichelewesha: Diski ya sahani huchukua takriban milisekunde 10 kuifikia data iliyotawanyika, ilhali SSD huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Kwa tarakilishi kuukuu, hakuna amri itakayoleta nafuu kama kuibadilisha diski hiyo. Ikiwa diski imejaa, "sudo apt clean" huondoa vifurushi vya usakinishaji vilivyobaki.

(c) Kichakataji kikilemewa: Tazama katika "top" ni programu ipi inayokishughulisha. Aidha, fungua ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za tarakilishi. Neno "llvmpipe" likitajwa kwenye michoro, kichakataji ndicho kinachochora madirisha yote, na huenda kiendeshi cha kadi ya michoro kinakosekana.

(d) Uwakaji ukichelewa: "systemd-analyze blame" huorodhesha huduma na muda wa kila moja. Kumbuka kuwa huduma nyingi huanza sambamba. Kwa hivyo iliyo juu ya orodha si lazima iwe ndiyo mkosaji.

Tahadhari

Kwanza, weka nakala ya kazi yako mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Pili, neno "sudo" humpa mtumizi mamlaka kamili. Usiandike amri yoyote yenye neno hilo kabla ya kuelewa inafanya nini. Tatu, jihadhari na ushauri wa kufuta nakala za faili zilizomo kumbukumbuni kila mara. Kufanya hivyo ni kumwondolea mwandishi karatasi alizoziweka karibu, akalazimika kuzifuata tena kabatini. Nne, badilisha jambo moja kwa wakati, kisha upime upya. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lililomponya wala lililomdhuru.

Hitimisho

Tumeona kuwa uzito wa tarakilishi una chanzo kinachoweza kupimwa, na kwamba kosa la kwanza la mgeni mara nyingi ni la kusoma neno moja visivyo. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia. Maadamu istilahi kama "free" na "available" hazijapewa visawe vinavyozitenganisha bayana, watumizi wataendelea kutibu ugonjwa usiokuwepo. Msomaji anahimizwa kuzipima tarakilishi za wenzake wawili, aandike matokeo kabla na baada ya tiba, kisha apendekeze visawe vya istilahi hizo mbili. Tarakilishi iliyodhaniwa imekufa huenda ikamfikisha mwenyewe hadi siku ya kutetea tasnifu yake.