Jirani Anayemaliza Vitu Vyake



Hapa Mukuru kwa Reuben nyumba nyingi ni chumba kimoja cha mabati, kwa hivyo jirani akianza kutoa vitu nje tunaona haraka. Si kila anayetoa ni mgonjwa. Baada ya mafuriko ya 2024 wengi walitupa magodoro yaliyolowa maji machafu, na walifanya vizuri. Anayeuza redio alipe kodi naye ana shida ya pesa tu.

Tunaongea juu ya yule mwingine. Tuseme mama anagawa sufuria, kesho blanketi, kesho kutwa vitabu vya watoto. Ukimuuliza anasema vitu vinamkaba, hapumui vizuri mpaka vitoke. Vikitoka anapata nafuu kidogo, halafu wasiwasi unarudi na anatafuta kingine. Jioni analia hana cha kupikia, na bado hawezi kuacha. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia. Hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa dawa zinazochukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Wengine wanagawa kwa sababu akili imepanda mno: hawalali, wanaongea mbio, wanamaliza hata pesa ya biashara.

Watu watasema amerogwa, ama ameokoka sana. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliacha mali kwa hiari yake. Huyu hana hiari.

Lakini anayegawa vitu anavyovipenda huku akiaga watu, huenda anafikiria kujiua. Muulizeni waziwazi, kwa upole. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimfiche kwa kuogopa sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba.

Sasa, kuna wale hukimbia na shilingi mia mbili kununua mtungi wake wa gesi. Hiyo si biashara. Kikundi kimwombe kimwekee vitu, viandikwe kwa daftari mbele ya mashahidi mpaka apone. Anzeni na kitambulisho, kadi za kliniki na vyeti vya shule. Msimpigie kelele. Mpelekeni kituo cha afya, na ikihitajika watamtuma Mathari, hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili.

Maswali ya kujadiliana:
Nani kati yetu anaweza kumuuliza jirani kama huyu, naye asikie vibaya?
Je, nyumbani kwako kuna kitu ulichonunua hivyo? Utakirudisha lini?