Taa ya mafuta na baridi ya Dodoma: fundi ajibu yanayomkera

Juni ikishaingia, upepo wa Dodoma hukaza, na vijana wa bodaboda wa Jamatini na Sabasaba huvaa makoti mawili mawili kabla jua halijachomoza. Msimu huohuo ndio barua za taa ya mafuta humiminika. Fundi anayejibu safu hii hazijibu zote. Huchambua zile zinazomuudhi na zile zinazomtia hofu, na mwaka huu karibu zote zinamtaja mtuhumiwa mmoja: baridi.

“Shikamoo fundi. Nikifungua swichi alfajiri taa ya mafuta inawaka, na jana nilijaza. Baridi imegandisha sensa?” (Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, na wawili wa Bahi)

Marahaba. Barua tano zimewekwa pamoja kwa sababu swali ni moja, na fundi amelijibu kwa mdomo gerejini hadi limemchosha.

Aanze na baridi yenyewe. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Kwa mtu aliye juu ya pikipiki, upepo ukimpiga kifuani, hiyo ni baridi kweli. Kwa chuma na waya si kitu. Makete na Kitulo, ambako asubuhi za Julai majani huamka na sakitu, watu huendesha pikipiki hizihizi.

Sasa sensa. Ziko za aina mbili, na fundi anaomba asomwe hapa polepole. Ya kwanza ni boya: kipande chepesi kinachoelea juu ya petroli, kimeshikwa na mkono wa waya unaotelezesha mguso juu ya kibao cha umeme. Mafuta yakishuka, boya linashuka, na mshale wa geji unashuka nalo. Hapo hakuna cha kuganda. Petroli yenyewe husinyaa kidogo ikipoa, lakini tangi la lita 10 likipoa kwa nyuzi 15 hupungua kama mililita 140, yaani chini ya nusu ya chupa ya soda. Mshale hauwezi kulala kwa hilo.

Aina ya pili ndiyo inayozushiwa. Ni kidude kidogo kiitwacho themista, kinachowekwa karibu na sakafu ya tangi. Kikipata joto, kinapitisha umeme zaidi. Kikiwa ndani ya petroli, petroli inakipoza, umeme unabaki mdogo na taa imezima. Petroli ikishuka chini yake, kidude kinabaki hewani, umeme wake wenyewe unakipasha, njia inafunguka na taa inawaka. Msomaji aliyefuata hadi hapa ameshaona jambo ambalo vijiwe vyote vya mjini vimelipindua: baridi haiwashi taa hii. Baridi inaichelewesha. Asubuhi ya Julai, tangi likiwa karibu tupu, kidude kinachukua muda mrefu zaidi kupata joto, na dereva anaweza kuondoka akidhani ana mafuta. Hatari iko upande wa pili kabisa wa uvumi.

Kwa nini basi taa inawaka na tangi limejaa? Kwanza, pikipiki nyingi huwasha taa zote kwa sekunde chache swichi inapofunguliwa, ili dereva ajue hazijaungua. Ikizima yenyewe, hakuna ugonjwa. Pili, asubuhi pikipiki imelazwa kwenye stendi ya pembeni. Kama mafuta ni ya katikati, yote yamekimbilia upande mmoja na sensa imebaki juu. Isimamishwe wima ndipo geji isomwe.

Tatu, na hiki ndicho fundi anachokikuta mara nyingi, ni soketi iliyo chini ya tangi. Msimu wa baridi wa Dodoma ni msimu wa kiangazi na vumbi. Vumbi jekundu linaingia kwenye soketi, jioni pikipiki inaoshwa kwa mashine ya presha, tope linakauka mle ndani, na kijani cha kutu ya shaba kinaota kwenye pini. Kwa taa ya kawaida isiyo na kompyuta kipimo ni rahisi: soketi ya sensa ichomolewe. Taa ikizima, shida iko kwenye sensa au pini zake. Ikiendelea kuwaka, kuna waya uliochubuka unagusa fremu. Na boya nalo hutoboka, likanywa petroli na kuzama. Hapo geji itasema tupu mwaka mzima, kiangazi na masika.

“Je, petroli inaweza kuganda usiku?” (Kongwa)

Hapana. Haigandi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri.

“Jirani yangu huweka jiko la mkaa chini ya injini dakika tano. Inafaa?” (Makole)

Jirani ahamishe pikipiki, au msomaji ahame yeye.

“Kuna fundi anatuuzia mchanganyiko wa mafuta ya taa kidogo na naftalini, eti petroli ipate nguvu ya baridi na taa isiwake. Wenzangu wanasema imewasaidia.” (Chang'ombe, na barua mbili za Mpwapwa)

Nchi hii imeshapigana na mafuta ya taa ndani ya petroli. Mwaka 2010 mafuta yalianza kuwekewa vinasaba ili uchakachuaji ubainike, na sasa kuna mtu analipa apewe kwa hiari kile ambacho EWURA ilikuwa inakisaka vituoni. Mafuta ya taa huvukizwa kwa shida kuliko petroli, kwa hiyo asubuhi ya baridi yanafanya injini iwake kwa tabu zaidi. Plagi inakuwa nyeusi, na injini inagonga ikipanda mlima. Naftalini haigusi sensa kwa namna yoyote. Vidonge visivyoyeyuka vyema huishia kwenye koki na jeti za kabureta. Waliosaidiwa walisaidiwa na jua la saa nne.

Pikipiki ya kabureta isiyowaka asubuhi inahitaji choki. Ivutwe, injini iwake, isubiriwe itulie, irudishwe. Nusu ya waliouliza hawajui choki yao iko upande gani.

“Pikipiki yangu si ya kabureta. Asubuhi taa ya injini ya rangi ya chungwa inawaka, mchana inazima. Fundi mmoja aliifuta kwa kompyuta, ikarudi. Mwingine amebadilisha sensa mbili.” (Kisasa, Area C, na mtumishi aliyehamia Mtumba)

Hapa fundi anakaa vizuri, maana fedha nyingi zinapotea hapa. Pikipiki za injekta zina kompyuta inayosoma joto la injini ili iamue petroli kiasi gani imwagwe. Sensa ya joto hupungua ukinzani ikipata moto na huongezeka ikipoa. Kutu kwenye soketi nayo huongeza ukinzani. Kompyuta haina macho. Ikiona ukinzani mkubwa inaamini kuna baridi kali, inamwaga petroli ya ziada, na moshi mweusi unatoka. Baridi ile haipo Dodoma, ipo kwenye pini chafu. Kubadilisha sensa na kuirudisha kwenye soketi ileile ni kuhamisha ugonjwa kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Lakini kabla ya soketi, betri. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika usiku husoma kama 12.6. Ikisoma 12 au chini, imechoka au haichajiwi. Dereva anabonyeza selfu, volti zinaporomoka chini ya 10, kompyuta inakosa umeme wa kutosha kwa nukta chache na inaandika kosa. Baridi kidogo ya Julai inaifichua betri mbovu, haiiharibu. Injini ikiwaka na kuzungushwa kidogo, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Mita ya kupimia inauzwa Majengo kwa bei ndogo kuliko sensa yoyote.

Kufuta kosa bila kulisoma ni kumfukuza mjumbe. Pikipiki nyingi za Honda zenye injekta huhesabu kosa kwa kumeta taa: mmeto mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mimeto mifupi saba inaelekeza kwenye sensa ya joto la injini. Fundi asiyehesabu mimeto, wala hana mita mkononi, hana sababu ya kushika bisibisi.

“Fundi alikata waya wa taa, sasa imetulia. Kuna ubaya?” (Kondoa)

Taa imetulia. Tatizo linaendelea.

“Maji kwenye tangi yanatoka wapi kama hakuna mvua?” (Bahi)

Mara nyingi kwenye mfuniko wenye mpira uliokufa, pikipiki ikioshwa, au kwenye petroli ya chupa ya kando ya barabara. Umande wa ndani ya tangi upo, ila Julai ya Dodoma ni kavu mno kuulaumu. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na huozesha sakafu ya tangi palepale ilipo sensa. Skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta ifunguliwe, mafuta yapokelewe kwenye glasi. Matone yakitengana chini, tangi lishushwe lisafishwe. Sigara ikae mbali. Na anayemulika tangi kwa kiberiti ili aone mafuta, barua yake haitajibiwa.

“Taa ikiwaka nimebakiwa na kilomita ngapi?” (Kibaigwa)

Hakuna namba moja kwa pikipiki zote. Siku taa ikiwaka, dereva aende moja kwa moja kituoni ajaze hadi juu, kisha atoe lita alizojaza kwenye ujazo wa tangi ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kinachobaki ndicho akiba yake. Apime mara moja mchana na mara moja alfajiri ya Julai, maana kwa wenye themista namba hizo mbili zinaweza kutofautiana, na ya alfajiri ndiyo ya kuaminiwa.

Barua za toleo lijalo zitaje aina ya pikipiki, mwaka wake, kama ni ya kabureta au injekta, na volti za betri asubuhi kabla ya kuwasha. Zisizo na volti zitasubiri.