Singa fupi za mkonge zinafaa kwenye zege

Masika yakiisha, jua la kipupwe ndilo la kuanikia singa. Wakulima wa mkonge wa Korogwe, Muheza na Kilosa, msiache singa fupi zioze kando ya korona, mashine ya kutenganisha singa na nyama ya jani. Kilo 100 za majani hutoa singa kilo 4 hivi tu. Kutupa sehemu yake ni hasara. Viwanda vya kamba hupenda singa ndefu, lakini fundi wa zege huzikata vipande vya sentimita 2 au 3. Kwake ufupi si kasoro, uchafu ndio kasoro.

Utomvu wa mkonge una sukari, na sukari huchelewesha saruji kushika. Basi jani likikatwa lipitishwe korona upesi, kabla halijanyauka na nyama yake kung'ang'ania singa. Osheni hadi ukijani uishe, anikeni juu ya waya, si mchangani, kisha hifadhini pakavu.

Anayejenga aanze na sakafu ya ghala au ya banda. Kwa zege la mita moja ya ujazo, kilo 7 za singa zatosha. Zilowekwe kwanza, maana singa kavu hunywa maji ya zege, kisha zinyunyizwe kidogo kidogo wakati wa kuchanganya zisifanye mabonge. Kazi ya singa ni kuzuia nyufa zisitanuke. Hazichukui nafasi ya nondo. Nguzo na lenta zibaki na vyuma vyake.

Saruji nayo ina ukali unaokula singa mwaka hadi mwaka, hasa mahali panapolowa na kukauka. Ukali huo hupunguzwa kwa kuweka majivu ya pumba za mpunga badala ya sehemu ya saruji. Yawe yamechomwa kwa moto wa wastani na kusagwa laini. Majivu meusi bado yana mkaa, msiyatumie. Faida ni mbili: singa hudumu, na saruji hutumika kidogo. Kuchoma mawe ya chokaa ili kupata saruji hutoa hewa ukaa nyingi, hivyo kila mfuko unaookolewa ni nafuu kwa mazingira.

Kabla ya vuli, kila kikundi cha wakulima kimwage mabamba mawili ya zege, moja lenye singa na jingine lisilo nazo, yakae nje yapigwe na jua na mvua. Mnunuzi akija, mwonyesheni yote mawili kabla ya kutaja bei.